Kisu cha Barwa: Urafiki wa Maadui katika Historia na Fasihi ya Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wanafunzi wa uzamili wanaosoma fasihi ya vita huja darasani wakiwa wamezoea kuuliza swali moja la kwanza: je, mtunzi yuko upande wa nani? Swali hilo si baya, na kwa hakika tenzi zetu kongwe zinalidai. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliposimulia jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini aliposimulia Vita vya Maji Maji, kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kusimama. Utenzi wa vita una dua mwanzoni, una mashujaa na mahasimu, una hesabu ya waliokufa. Ni fani inayomtaka mshairi achague. Hata Shaaban Robert, alipotunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945, alitembea katika njia hiyo hiyo iliyokwisha kulimwa.

Lakini kuna jambo moja la vita ambalo swali hili haliwezi kulifikia, nalo ni urafiki wa askari wawili waliotumwa kuuana. Muhula mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu wa Bungoma filamu ya Kikorea yenye mada hiyo, nikitarajia mjadala wa kawaida kuhusu msuko na wahusika. Mjadala ulikuwa mfupi. Kisha mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Trans Nzoia, akasema: "Hao walikuwa na daraja, mwalimu. Sisi tulikuwa na ua wa mahindi tu." Makala haya yametokana na kauli hiyo. Tunanuia kuonyesha kwamba eneo la Bungoma na Kitale lina masimulizi yake ya urafiki wa maadui, ya kale kuliko vita vyovyote vya Korea. Kwamba Vita Vikuu vya Kwanza viliyapa masimulizi hayo sura mpya. Na kwamba uhakiki wetu umeyapita kwa sababu umezoea kumtafuta rafiki katika maneno matamu. Katika matini tutakazozichunguza, rafiki huonekana kwanza pale mtu anapouweka mwili wake mikononi mwa adui, na baadaye pale adui huyo anapolazimika kutumia lugha ya uadui ili amwokoe.

Bomu chini ya mguu

Filamu yenyewe, Joint Security Area, iliongozwa na Park Chan-wook na kutolewa mwaka 2000, miezi michache tu baada ya viongozi wa Korea mbili kukutana Pyongyang mwezi wa Juni. Msingi wake ni riwaya ya Park Sang-yeon iitwayo DMZ, iliyochapishwa mwaka 1997. Historia inayoibeba inafahamika: vita vilivyoanza Juni 1950 vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kusitisha mapigano, bila mkataba wa amani, na kati ya pande mbili pakaachwa ukanda wa upana wa kilomita 4 hivi. (Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuyaona haya kuwa mambo ya mbali. Vikosi vya Kagnew vya Ethiopia vilipigana huko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.)

Sajini Lee wa Kusini anapotea usiku katika ukanda huo na kukanyaga bomu la kutegwa ardhini. Hawezi kuinua mguu. Askari wawili wa Kaskazini, Sajini Oh na kijana Jeong, wanamkuta hapo. Wangeweza kumwacha. Badala yake Oh anainama miguuni pa adui yake na kulitegua lile bomu kwa mikono. Yote yanayofuata, yaani barua zinazorushwa ng'ambo ya mpaka, safari za usiku kuvuka daraja, peremende, sigara, michezo ya kitoto ndani ya kibanda cha walinzi, na kuletwa kwa askari wa nne aitwaye Nam, yamezaliwa na tendo hilo moja. Lee haanzi kumpenda Oh kwa sababu wamekubaliana juu ya siasa. Siasa hawakubaliani hata mara moja. Anampenda kwa sababu uhai wake umepita mikononi mwake.

Baadaye ofisa wa Kaskazini anaingia kibandani ghafla, silaha zinatolewa, na hofu inafanya kazi yake. Jeong anakufa. Sehemu ambayo wanafunzi waliomba kuitazama tena, hata hivyo, ilikuwa ya mahojiano: Lee, akiwa mbele ya wachunguzi wa pande zote, anakaribia kukiri kila kitu. Oh analipuka. Anaipindua meza, anamrukia, anapiga mayowe ya kuisifu serikali yake na kumlaani kibaraka wa Kusini. Wote waliomo chumbani wanaona chuki. Lee peke yake anajua kwamba amezibwa mdomo ili aokolewe. Hiki ni kinaya cha hali ya juu, na tutakirudia, kwa kuwa hatuwezi kuyaelewa yaliyotokea kwetu bila hicho.

Mango na ngariba wa Barwa

Wabukusu wa Bungoma husimulia asili ya tohara yao kwa kisa cha Mango. Joka lilikuwa limekaa pangoni likila watu na mifugo. Mango aliwataka majirani zake, ambao Wabukusu huwaita Barwa, wamtahiri, nao wakamdhihaki: aende kwanza akaliue joka lile. Akaenda, akalivizia, akalikata kichwa. Ndipo Barwa wakamtahiri. Wimbo wa sioyaye unaowasindikiza vijana hadi leo unahusishwa na kisa hicho, na mapokeo mengine yanautaja uchungu wa mama yake Mango.

Neno Barwa ni la Wabukusu. Wanaoitwa hivyo, hasa Wasabaot wa Mlima Elgon, hawajiiti hivyo wenyewe, na kwa masimulizi mengi ya Wabukusu ni jina la mahasimu, watu wa kuibiana ng'ombe na kushambuliana. Kwa hiyo tuzingatie kile ambacho kisa kinasema hasa. Jamii inaeleza kwamba tendo linalomfanya mwanamume wao kuwa mwanamume lilifanywa kwa kisu cha adui. Kwa kawaida masimulizi ya asili huficha deni la namna hiyo. Jamii hupenda kujipa kila kitu chake yenyewe, au kukipokea kutoka kwa Mungu. Kisa cha Mango kinalitangaza deni hilo, na kinalitangaza kila mwaka wa tohara, ambao kwa Wabukusu ni mwaka unaogawika kwa mbili: 2018, 2020, 2022, 2024.

Wahakiki waliokitaja kisa hiki wamekisoma kama kisa cha shujaa na joka, wakakiweka pamoja na visa vya mashujaa wengine wa Kiafrika. Usomaji huo ni sahihi kwa nusu ya kwanza tu. Kilele cha kisa hiki hakiko pangoni. Pangoni Mango alikuwa na silaha na adui yake alikuwa mnyama. Mbele ya ngariba hakuwa na kitu, na adui alikuwa binadamu mwenye kisu. Alisimama bila kutikisika huku mkono wa hasimu ukiugusa mwili wake mahali ambapo kosa dogo lingekuwa kifo. Hapa ndipo Mango na Sajini Lee wanapokuwa ndugu. Wote wawili wamesimama wima bila kusogea, na anayeinama mbele yao ni adui.

Deni hili halikubaki katika ngano peke yake. Majina ya marika ya Wabukusu na yale ya Wasabaot ni ya ukoo mmoja. Maina ni Maina kwa wote. Chuma ya Wabukusu ni Chumo ya Wasabaot. Sawa ni Sowe. Kolongolo ni Korongoro. Kikwameti ni Kwoimet. Nyange ni Nyongi. Marika ni manane kwa Wabukusu, nayo huzunguka na kurudi baada ya karne moja hivi. Mtu wa rika lako si mtu uliyemchagua. Mmepita pamoja chini ya kisu, na kwa hiyo mna haki na wajibu baina yenu ambao mgeni hana. Mbukusu aliyekutana na Msabaot njiani aliweza kujua, kwa kuuliza jina moja tu, kama anamwona kaka, baba au mwenziwe. Kikwetu tungeweza kusema kwamba daraja la Panmunjom lilikuwa ndani ya jina la mtu.

Adui mwenye lugha yako

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoingia Afrika Mashariki Agosti 1914, watu wa Bungoma walikuwa wamekwisha kuonja bunduki za dola. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliongoza jeshi lililoivunja ngome ya Chetambe, juu ya mji wa Webuye wa leo. Jeshi hilo lilikuwa na Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai wa Uasin Gishu. Mabaki ya handaki la ngome bado yapo, na ninapowapeleka wanafunzi huko huwaambia wahesabu ni wangapi kati ya waliopanda mlima ule kupigana walikuwa Wazungu. Hawahitaji muda mrefu.

Miaka ishirini baadaye wana wa walioshindwa Chetambe walichukuliwa kuitumikia dola ile ile, wengine katika Keya, yaani King's African Rifles, na wengi zaidi katika kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza limebaki midomoni mwetu kama Kariokor na Kariakoo. Wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa, walio wengi kwa maradhi na njaa. Keya yenyewe, iliyokuwa na batalioni tatu tu vita vilipoanza, ilifika batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000 vilipokwisha.

Jambo linalomhusu mwanafasihi ni hili: pande zote mbili zilikuwa na Kiswahili. Amri za Schutztruppe zilitolewa kwa Kijerumani, na katika Keya zilikuwapo lugha nyingine pia, Kinyanja na Kinubi. Lakini kambini, sokoni, njiani, na hasa pale askari alipokutana na mtu asiyemjua, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana. Askari wa Ulaya aliyekuwa katika mahandaki ya Ufaransa wakati wa Krismasi ya 1914 alilazimika kuokoteza maneno ili asalimiane na adui. Askari wa huku alielewa matusi ya adui yake neno kwa neno, na maombi yake ya maji pia. Isitoshe, asili zilichangamana. Wasudani wa Keya walitokana kwa sehemu kubwa na mabaki ya majeshi ya Misri yaliyokuwa chini ya Emin Pasha. Wasudani wa Wissmann, waliokuwa msingi wa jeshi la Kijerumani tangu 1889, nao waliandikwa Misri.

Mpaka kati ya askari hao ulikuwa mwembamba kiasi gani, batalioni moja inatosha kutuonyesha. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya Keya kwa kuwatumia askari wa Wajerumani waliotekwa. Mtu aliyekuwa akipigwa risasi na Keya mwaka 1916 alivaa sare ya Keya mwaka uliofuata na kurudi vitani dhidi ya wenzake. Watafiti kama Michelle Moyd wamefafanua kwamba askari hao walikuwa na hesabu zao wenyewe: mshahara, heshima, nyumba, wake na watoto waliofuatana na jeshi. Uaminifu wao haukuwa kwa Kaiser wala kwa Mfalme kwa namna ambayo maofisa walipenda kuamini. Katika filamu ya Park kuna jambo linalokaribiana na hili: baba yake Meja Sophie Jean, mchunguzi kutoka Uswisi, alikuwa mateka wa vita wa Kaskazini aliyekataa kurudi upande wowote na kwenda nchi ya tatu. Mateka wa Tabora au Morogoro hakuwa na nchi ya tatu. Alikuwa na sare mbili za kuchagua, au jembe.

Kwa nini basi hakuna utenzi wa batalioni ya sita? Jibu langu ni la kifani. Utenzi wa vita unamtaka msimulizi asimame mahali pamoja kutoka dua hadi tamati, na mtu aliyebadili sare katikati ya ubeti hana mahali katika bahari hiyo. Tukiyatafuta masimulizi yake katika diwani hatutayapata, kwa sababu yalikwenda kwenye beni. T. O. Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma na jamii, alionyesha jinsi beni ilivyozaliwa katika miji ya pwani na kusambaa bara pamoja na askari, wapagazi na mateka. Ilikuwa na vyeo vya kijeshi, gwaride, sare za kuazima, na makundi mawili yaliyohasimiana, Marini na Arinoti. Wakoloni waliona uigaji wa kitoto. Baadhi wakaona njama. Sisi tuone mchezo wa kuigiza ambamo uadui unavaliwa na kuvuliwa. Wanachama wa makundi hayo walitukanana kwa nyimbo mchana kutwa, huku kundi hilo hilo likimpa mgeni, popote alipofika, chakula na mazishi. Watu waliokwisha kujua kwamba adui wa jana anaweza kuwa mwenzako wa kesho walijitungia fani inayolisema jambo hilo bila kulitamka.

Fasihi andishi ilichelewa sana. Abdulrazak Gurnah alilifikia jambo hili kwa Kiingereza, kwanza katika Paradise ya 1994, ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kisha katika Afterlives ya 2020, inayomfuata askari Hamza hadi baada ya vita. Lakini hata huko rafiki wa upande wa pili haonekani sana. Hamza ana ofisa wa Kijerumani mwenye upendo wa kutatanisha. Hana mwenzake ndani ya Keya. Hilo ni pengo ambalo mwandishi wa Kiswahili bado anaweza kulijaza.

Ua wa mahindi

Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilisalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa wanajeshi wa zamani wa Kizungu, na sehemu ya mashamba hayo ilikuwa Trans Nzoia. Kitale ikakua kama mji wa walowezi, reli ikaufikia 1926, na mwaka huo huo Kanali Hugh Stoneham akaanzisha makumbusho ambayo baadaye yakawa ya taifa. Ni mahali pazuri pa kuwapeleka watoto. Askari na wapagazi wa Kiafrika waliorudi hai hawakupata shamba. Wengi wa majirani zao walirudi Trans Nzoia kama vibarua na maskwota katika ardhi ambayo Wasabaot waliilalamikia mbele ya Tume ya Carter ya 1932 na 1933, na ambayo Wabukusu nao waliihesabu kuwa yao.

Ndivyo Mbukusu na Msabaot walivyokuja kuishi ua kwa ua, wakiwa na majina yale yale ya marika na mwajiri mmoja. Uhuru ulipokaribia, swali la Kitale iwe katika mkoa gani liligawa viongozi. Hatimaye Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa na Bungoma ikawa Magharibi. Anayesafiri leo kutoka Webuye kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini haoni alama yoyote ya uzito huo. Mahindi ni yale yale pande zote mbili.

Kati ya mwisho wa 1991 na 1993, siasa za vyama vingi ziliporudi, mahindi hayo yalichomwa. Mapigano yalienea Mlima Elgon, Trans Nzoia na Bungoma. Kamati ya Bunge ya 1992 iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, na baadaye Tume ya Akiwumi iliyoteuliwa 1998, zote zilitaja mkono wa wanasiasa. Kati ya 2006 na 2008 mlima uliwaka tena kwa sababu ya ardhi ya Chebyuk, safari hii waathiriwa wengi wakiwa Wasabaot wenyewe, kwanza mikononi mwa wapiganaji wa SLDF, kisha mikononi mwa jeshi la taifa lililoingia Machi 2008.

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapojaribiwa. Ni rahisi kusimama darasani na kusema kwamba lugha moja, au tohara moja, huleta amani. Ushahidi hauruhusu. Wakorea walikuwa na lugha moja kwa karne nyingi. Maina wa Bungoma na Maina wa Elgon walikuwa na jina moja na kisu kimoja. Urafiki wa aina tunayoizungumzia hauzuii vita, na filamu ya Park ina ujasiri wa kukiri hivyo: wale wanne wanapendana, na bado bunduki zinalia. Kinachozuka baada ya bunduki ndicho kinachopaswa kutushughulisha, na hapo ndipo tunaporudi kwenye meza iliyopinduliwa na Sajini Oh.

Yule mwanafunzi wa ua wa mahindi alinifuata ofisini wiki iliyofuata. Alikuwa mdogo sana mwaka 1992, na kisa alichonieleza alikipata kwa mama yake. Baba yake alikuwa na mwenziwe wa rika upande wa pili wa ua, Msabaot, waliyekuwa wakikopeshana majembe na dume la kupandishia ng'ombe. Asubuhi moja mtu huyo alifika na kundi la vijana wenye pinde. Alimtukana baba yake mbele ya watoto kwa maneno ambayo mama hajawahi kuyarudia, akampiga teke mbuzi, akaapa kwamba akimkuta hapo jua likitua atamchinja. Familia ikaondoka kabla ya saa sita mchana, ikatembea hadi upande wa Bungoma. Usiku huo nyumba za jirani zilichomwa zikiwa na watu ndani. Yao ilichomwa tupu. Baba alikufa miaka mingi baadaye bila kulitamka tena jina la mwenziwe, na kila alipoulizwa alisema kwamba mtu huyo alimsaliti.

Mama aliuona upande mwingine. Alikumbuka kwamba wale vijana walitaka kuanza kazi pale pale, na kwamba ni yule mzee aliyesema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, waachiwe hadi jua litue.

Mwanafunzi alitaka kukifanya kisa hicho kuwa sehemu ya tasnifu yake, chini ya sura ya usawiri wa adui. Aliniuliza amweke wapi mtu yule, kwa kuwa jedwali lake lilikuwa na safu mbili tu. Nilimshauri aifute mistari ya jedwali kwanza, kisha arudi kwa mama yake na kinasasauti, amwombe ayaseme yale matusi.

Alikwenda Desemba. Mama alikubali kuyasema, kwa Kibukusu na kwa Kisabaot, kwa sababu yule mzee alitukana kwa lugha zote mbili. Katikati ya matusi hayo kuna mahali ambapo anamwita baba yake kwa jina la rika lao.